Hattie McDaniel: Mshindi wa Oscar aliyeketishwa kando ya ukuta

Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 3 Machi 2014, wengi wetu Afrika Mashariki tuliamka na habari moja: Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, ameshinda tuzo ya Oscar. Huko Marekani ilikuwa bado Jumapili jioni. Lupita alishinda katika kipengele cha mwigizaji msaidizi bora wa kike, kwa kuigiza mtumwa aitwaye Patsey katika filamu ya 12 Years a Slave.

Miaka 74 kabla ya jioni hiyo, tuzo ya kipengele hicho hicho ilichukuliwa na mwanamke mwingine mweusi. Huyo alikuwa mtoto wa wazazi waliokuwa watumwa kweli, si watumwa wa kuigiza. Jina lake ni Hattie McDaniel, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kushinda Oscar tangu tuzo hizo zianzishwe.

Katika makala haya tunakusimulia maisha yake. Tunafanya hivyo kwa sababu ya swali ambalo watu weusi wenzake walimuuliza kwa miaka mingi, na ambalo bado linaulizwa: je, ni vyema kupokea heshima kubwa kwa kazi inayowaonyesha watu wako kama watumishi tu?

Oscar ni tuzo gani?

Tuanze na tuzo yenyewe, maana jina lake linasikika kila mwaka lakini si kila mtu ameelezwa inavyotolewa.

Oscar hutolewa na Akademi ya filamu ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1927. Sherehe ya kwanza ilifanyika tarehe 16 Mei 1929 katika hoteli moja ya Hollywood, na ugawaji wa tuzo ulichukua kama dakika 15 tu. Tangu wakati huo, kila mwaka Akademi huwatunza watu waliofanya kazi bora katika filamu za mwaka uliotangulia.

Tuzo hizo si za waigizaji peke yao. Wapo wanaotunzwa kwa kupiga picha, kuandika hadithi, kuhariri, kurekodi sauti, kutunga muziki, kushona mavazi na kujenga mandhari. Siku hizi wanaopiga kura ni wanachama wa Akademi, nao ni watu wa kazi hiyo hiyo. Waigizaji huwateua waigizaji wenzao, wahariri huwateua wahariri, na kadhalika. Kisha wanachama wote humpigia kura mshindi wa kila kipengele.

Waigizaji wasaidizi, yaani wale ambao hadithi haiwahusu wao hasa lakini bila wao haisimami, walianza kutunzwa mwaka 1937. Hawakupewa ile sanamu ya dhahabu inayojulikana. Walipewa bamba dogo la kusimamisha mezani, lenye umbo la sanamu hiyo. Waliendelea kupewa mabamba hadi mwaka 1944, walipoanza na wao kupewa sanamu. Hilo bamba tutarudi kwalo mwishoni.

Alizaliwa wapi?

Hattie McDaniel alizaliwa tarehe 10 Juni 1893 katika mji wa Wichita, jimbo la Kansas. Alikuwa kitinda mimba katika uzao wa watoto 13.

Baba yake, Henry, alizaliwa mtumwa. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipopamba moto katika miaka ya 1860, alijiunga na askari weusi waliopigana upande wa kaskazini, na akarudi na majeraha ambayo hayakumwacha. Alihangaika miaka mingi akidai malipo ya uzeeni aliyostahili kama askari aliyejeruhiwa. Mama yake, Susan, alikuwa mwimbaji wa nyimbo za kanisani na alifanya kazi za ndani katika nyumba za watu.

Familia ilihamia jimbo la Colorado, ikafika Denver Hattie akiwa bado mtoto. Nyumbani kulikuwa na njaa ya mara kwa mara, lakini kulikuwa na nyimbo pia. Kaka zake Otis na Sam, na dada yake Etta, wote waliingia katika uigizaji. Hattie alipokuwa kijana mwanafunzi alishinda shindano la kughani mashairi mjini Denver, na baadaye akaacha shule ili afuatane na ndugu zake katika maonyesho ya barabarani.

Mwaka 1914 yeye na Etta waliunda kundi lao la maonyesho, la wanawake watupu. Kisha zikaja nyakati ngumu. Mume wake wa kwanza alifariki mwaka 1915, na kaka yake Otis, aliyekuwa nguzo ya maonyesho ya familia, akafariki mwaka 1916. Mume wa pili naye alifariki miaka michache tu baada ya kufunga ndoa. Hattie aliimba, akarudi kufua na kupika kwa watu, akaimba tena. Hivyo ndivyo alivyoishi kwa zaidi ya miaka kumi.

Redio, na kazi ya vyooni

Kwetu sisi watu wa redio, sehemu hii ya maisha yake ina uzito wa pekee. Katikati ya miaka ya 1920, redio ilipokuwa jambo jipya kabisa, Hattie aliimba katika kituo cha KOA cha Denver. Anatajwa kuwa miongoni mwa wanawake weusi wa kwanza kusikika wakiimba redioni nchini Marekani. Kati ya mwaka 1926 na 1929 alirekodi pia santuri kadhaa mjini Chicago, nyingine akiwa amezitunga mwenyewe.

Mwaka 1929 soko la hisa la Marekani liliporomoka. Makampuni yakafunga, kumbi za muziki zikakosa wateja, na wasanii wakatawanyika. Hattie alijikuta karibu na mji wa Milwaukee, mbali na nyumbani, akiwa hana kazi. Kazi pekee aliyoipata ilikuwa katika klabu moja ya usiku, na haikuwa ya kuimba. Alikuwa mhudumu wa vyoo vya wanawake, akiwapa wateja taulo na kungoja bakshishi.

Jukwaa la klabu hiyo lilikuwa la waimbaji weupe. Lakini wateja na wafanyakazi walimsikia akiimba akiwa kazini, na hatimaye mwenye klabu akakubali apande jukwaani. Aliimba hapo kwa kipindi cha kutosha kujulikana. Mwaka 1931 alifunga virago na kuelekea Los Angeles, ambako kaka yake Sam na dada zake wawili walikuwa wameshatangulia.

Mlango wa Hollywood ulikuwa mmoja

Sam alikuwa na kipindi katika redio ya KNX, akamwingiza dada yake. Hattie aliigiza mtumishi wa ndani mwenye mdomo, asiyejua nafasi yake mbele ya tajiri. Wasikilizaji walimpenda. Mshahara ulikuwa mdogo mno hata ikambidi aendelee kufanya kazi za ndani. Yaani aliigiza utumishi redioni, kisha akatoka kwenda kuufanya kwelikweli.

Mwaka 1932 alionekana katika filamu kwa mara ya kwanza. Mwaka 1934 aliimba pamoja na mwigizaji mashuhuri Will Rogers katika filamu ya Judge Priest, na mwaka 1936 alicheza pamoja na mwimbaji Paul Robeson katika Show Boat. Inasemekana alionekana katika mamia ya filamu, ingawa zile zilizoandika jina lake ni kama 80 tu.

Karibu katika zote alikuwa mpishi, yaya au mtumishi. Huo ndio ulikuwa mlango pekee uliokuwa wazi kwa mwanamke mweusi Hollywood wakati huo. Hakukuwa na hadithi za mwalimu mweusi, muuguzi mweusi wala mfanyabiashara mweusi. Alichofanya Hattie ni kuwapa watumishi hao ulimi. Mtumishi wake hakusema ndiyo bwana na kuondoka. Alinung'unika, alikunja uso, alimwambia tajiri wake ukweli. Baadhi ya watazamaji weupe wa kusini mwa nchi walilalamika kwamba anawazoea mno matajiri wake.

Gone with the Wind

Mwaka 1936 mwandishi Margaret Mitchell alichapisha riwaya ya Gone with the Wind, kuhusu familia tajiri ya jimbo la Georgia wakati wa vita vilivyokomesha utumwa. Mtayarishaji David O. Selznick alinunua haki za kuitengeneza filamu. Katika hadithi hiyo kuna yaya mtumwa aitwaye Mammy. Hilo halikuwa hata jina lake, bali ni namna mayaya weusi wote walivyoitwa na watoto wa kizungu waliowalea.

Nafasi hiyo iligombaniwa sana. Hata Eleanor Roosevelt, mke wa rais wa Marekani wakati huo, alimwombea mtumishi wa nyumbani kwake. Selznick alimchagua Hattie.

Magazeti na vyama vya watu weusi viliikosoa filamu hata kabla haijakamilika, kwa kuwa riwaya yenyewe iliuonyesha utumwa kama maisha matamu ya watu waliopendana na mabwana zao. Shinikizo hilo lilimfanya Selznick akubali kuondoa katika filamu neno la matusi lililotumiwa dhidi ya watu weusi. Lakini hadithi ilibaki kuwa ya wenye watumwa, ikisimuliwa kwa huruma kwao.

Ndani ya hadithi hiyo Hattie alifanya kazi ambayo hata wakosoaji waliiona. Kuna sehemu ambapo mtoto wa nyumba ile amefariki. Mammy anapanda ngazi ndefu na mgeni, akimweleza jinsi msiba ulivyowavuruga baba na mama. Anazungumza huku akipanda, machozi yakimtoka, sauti ikikatika. Hakuna mwingine anayefanya jambo lolote katika sehemu hiyo. Msiba wote wa nyumba unasikika kupitia kwake. Wengi wanaamini kwamba ngazi zile ndizo zilizompa tuzo.

Filamu ilizinduliwa tarehe 15 Desemba 1939 mjini Atlanta, Georgia. Sheria za ubaguzi za jimbo hilo hazikumruhusu Hattie kuketi na wenzake weupe katika ukumbi huo, hivyo hakuwepo. Hata picha yake iliondolewa katika kijitabu cha uzinduzi kilichogawiwa huko. Inasimuliwa kwamba mwigizaji mwenzake Clark Gable alikasirika na kutaka kususia, na Hattie mwenyewe ndiye aliyemsihi aende. Wiki mbili baadaye, ilipoonyeshwa Hollywood, Hattie alihudhuria.

Usiku wa tarehe 29 Februari 1940

Sherehe ya Oscar ya mwaka huo ilifanyika katika ukumbi wa Cocoanut Grove, ndani ya Ambassador Hotel mjini Los Angeles. Hoteli hiyo haikuwa ikipokea wageni weusi. Ili Hattie aingie, Selznick ilimbidi kuomba aruhusiwe kwa namna ya pekee.

Aliingia akiwa amevaa nguo ya rangi ya samawati na maua meupe ya gadenia kichwani. Wenzake wa Gone with the Wind waliketi pamoja katika meza kubwa mbele. Yeye alipelekwa kwenye meza ndogo iliyowekwa kando ya ukuta, pamoja na mwenzake aliyemsindikiza na wakala wake. Kumbuka kwamba mwigizaji mweupe wa filamu hiyo hiyo, Olivia de Havilland, alikuwa akiwania naye kipengele kimoja, naye alikuwa kule mbele.

Usiku huo kulikuwa na mkasa mwingine. Akademi ilikuwa imeyapa magazeti majina ya washindi mapema, kwa makubaliano kwamba wasiyatoe kabla ya wakati. Gazeti la Los Angeles Times likayachapisha katika toleo la jioni, na wageni wengi wakaingia ukumbini wakiwa wameshajua nani kashinda. Kuanzia mwaka uliofuata majina yakaanza kufungwa ndani ya bahasha, na hiyo ndiyo asili ya bahasha tunazoziona zikichanwa jukwaani hadi leo.

Mwigizaji Fay Bainter ndiye aliyemtangaza Hattie. Alitoka ukutani, akapita katikati ya meza zote, akapanda jukwaani huku watu wakipiga makofi. Hotuba yake ilikuwa fupi, haikuzidi kama dakika moja. Aliwashukuru waliomchagua, akasema anatumaini daima atakuwa heshima kwa watu wa rangi yake na kwa tasnia ya filamu. Alimaliza akiwa anabubujikwa na machozi, akashuka, akarudi kwenye meza yake ile ile.

Kwa nini alikosolewa?

Mtu angedhani kwamba baada ya Oscar kazi zingebadilika. Hazikubadilika. Waliompigia makofi waliendelea kumletea aproni. Mwaka 1942, katika filamu ya In This Our Life, aliigiza mtumishi ambaye mwanawe, kijana anayesomea sheria, anasingiziwa kosa. Hiyo ilikuwa moja ya nafasi chache zilizomruhusu kuonyesha uchungu wa mama mweusi mbele ya haki isiyo sawa. Nyingine nyingi zilikuwa jiko na sebule.

Mwaka huo huo Walter White, kiongozi wa chama cha NAACP kilichopigania haki za watu weusi, alikwenda Hollywood kuzungumza na wakubwa wa makampuni ya filamu. Alitaka waache kuwaonyesha watu weusi kama watumishi na wachekeshaji. Hoja yake ilikuwa na msingi. Mtoto mweusi aliyekwenda sinema kila wiki na kumwona mama mweusi akiwa jikoni pa mtu kila wiki, angejifunza nini kuhusu maisha yake ya baadaye? Na mtoto mweupe aliyeketi upande wa pili wa ukumbi angejifunza nini?

Hattie aliumia. Aliona kwamba White anawalaumu waigizaji kwa dhambi ya wenye makampuni. Jibu linalohusishwa naye ni la hesabu: afadhali kulipwa dola 700 kwa wiki kwa kuigiza mtumishi kuliko kulipwa dola 7 kwa kuwa mtumishi. Alikuwa amezifanya kazi zote mbili, na alijua tofauti yake.

Sisi hatuoni kwamba mmoja alikuwa sahihi na mwingine mkosaji. White alitazama mbali, kwa vizazi vinavyokuja. Hattie alitazama mlango uliokuwa mbele yake, ambao angeukataa yeye, angeingizwa mwingine kwa mshahara mdogo zaidi, na filamu zingebaki vile vile. Lakini ni kweli pia kwamba mishahara yao ilitokana na picha iliyowadhalilisha wenzao, na Hattie hakuwahi kulimaliza deni hilo machoni pa baadhi ya watu wake.

Kesi ya nyumba

Wanaomkumbuka kwa aproni tu husahau alichofanya nje ya filamu. Wakati wa Vita Kuu ya Pili aliongoza kamati ya wasanii weusi wa Hollywood iliyokwenda kuwatumbuiza askari weusi, ambao jeshi lilikuwa likiwatenga na wenzao weupe.

Kisha ikaja kesi ya nyumba. Hattie alinunua nyumba kubwa katika mtaa wa West Adams Heights mjini Los Angeles, uliopewa jina la Sugar Hill. Watu weusi wengine waliofanikiwa, wakiwemo waigizaji Louise Beavers na Ethel Waters, walinunua hapo pia. Lakini hati za viwanja vya mtaa huo zilikuwa na sharti la zamani kwamba visiuzwe wala kukaliwa na watu wasio weupe. Baadhi ya majirani weupe wakaenda mahakamani wakitaka weusi wote waondolewe.

Hattie na majirani zake hawakuhama. Waliungana, wakamwajiri wakili mweusi Loren Miller. Mwezi Desemba 1945 Jaji Thurmond Clarke aliitupa kesi hiyo. Alisema ni wakati watu weusi wapewe bila hila haki wanazohakikishiwa na katiba ya nchi.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1948, Mahakama Kuu kabisa ya Marekani ilitoa uamuzi kwamba mahakama yoyote nchini isitumike kutekeleza masharti kama hayo. Miongoni mwa mawakili wa kesi hizo za 1948 walikuwemo Loren Miller huyo huyo na Thurgood Marshall, ambaye mwaka 1960 alikwenda London kuwashauri wajumbe wa Kenya katika mazungumzo ya katiba ya Lancaster House.

Kurudi redioni

Baada ya vita nafasi za Hattie katika filamu zilipungua. Ladha za watazamaji zilikuwa zikibadilika, na lawama dhidi ya filamu za watumishi zilikuwa zimewaingia hata wenye makampuni. Maisha ya nyumbani nayo hayakumpa raha. Aliolewa mara nne kwa jumla, na ndoa zake mbili za mwisho zilivunjika. Alitamani sana mtoto na hakujaliwa.

Ni redio iliyomwinua tena. Mwezi Novemba 1947 alichukua nafasi kuu katika mchezo wa redio wa Beulah uliorushwa na CBS. Beulah naye alikuwa mtumishi wa ndani, lakini hadi hapo sauti yake ilikuwa imeigizwa na wanaume weupe waliojifanya wanawake weusi. Hattie akawa mwanamke mweusi wa kwanza kuongoza mchezo wake mwenyewe wa vichekesho katika redio ya taifa zima la Marekani. Aliingia kwa masharti: hatazungumza ile lafudhi mbovu ya kubuni waliyopewa watumishi weusi katika michezo, na atakuwa na sauti juu ya maandishi. Mamilioni walimsikiliza, dakika 15 kila jioni za siku za kazi.

Kaburi, na bamba lililopotea

Mchezo huo ulipohamishiwa katika televisheni, Hattie alirekodi vipindi vichache tu kabla ya kuugua. Ilikuwa saratani ya matiti. Alifariki tarehe 26 Oktoba 1952, akiwa na umri wa miaka 59, katika hospitali ya watu wa filamu karibu na Los Angeles.

Aliacha wosia wenye maelekezo ya kina. Alitaka jeneza jeupe, sanda nyeupe, na maua ya gadenia kichwani na mikononi, kama usiku ule wa Oscar. Alitaka azikwe katika makaburi ya Hollywood, walikolala waigizaji wakubwa aliofanya nao kazi. Makaburi hayo yalikataa, kwa sababu hayakupokea maiti za watu weusi. Akazikwa Rosedale. Mwaka 1999 wamiliki wapya wa makaburi ya Hollywood walijitolea kumhamishia huko. Familia ilichagua asisumbuliwe, basi ukajengwa mnara wa kumbukumbu tu.

Na lile bamba? Katika wosia Hattie aliagiza likabidhiwe Chuo Kikuu cha Howard mjini Washington, chuo mashuhuri cha Wamarekani weusi. Kodi aliyodaiwa ilizidi thamani ya mali aliyoiacha, lakini bamba lilifika Howard hatimaye. Kisha, mwishoni mwa miaka ya 1960 au mwanzoni mwa 1970, likapotea. Yamesemwa mengi kuhusu lilikokwenda, lakini halijaonekana hadi leo.

Mwanamke wa pili mweusi kushinda Oscar ya uigizaji ni Whoopi Goldberg, mwaka 1991, miaka 51 baada ya Hattie na katika kipengele kile kile. Mwaka 2010 Mo'Nique alishinda pia katika kipengele hicho. Aliingia ukumbini na gadenia kichwani, na jukwaani akamshukuru Hattie McDaniel kwa jina kwa yote aliyovumilia. Miaka minne baadaye ikawa zamu ya Lupita.

Mwezi Oktoba 2023 Akademi ilikipa Chuo Kikuu cha Howard bamba jipya badala ya lile lililopotea. Sasa lipo huko, wanafunzi wanaliona. Na katika njia ya nyota ya Hollywood jina lake limewekwa mara mbili: nyota moja ni ya filamu, na nyingine ni ya redio.

Kama unasoma makala haya kwenye simu yako, msomee na aliye karibu nawe, hasa kama aliwahi kufanya kazi za ndani kwa watu. Kisha muulize: kama angekuwa Hattie, ile meza ya kando ya ukuta angeikubali au angerudi nyumbani?